Inchi 7 za mwanga: taa za magari ya spoti ya zamani na barabara ya Thika

Ukitaka kujua kwa nini mwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972 anaweza kupata taa mpya Thika au Ruiru bila kuagiza ng'ambo, anza na Land Rover.

Mwaka 1974 kulianzishwa mjini Thika kiwanda cha kuunganisha magari, ubia wa serikali ya Kenya na Leyland ya Uingereza. Mwaka 1989 kilibadili jina kuwa Kenya Vehicle Manufacturers, na ndiko Volkswagen ilikorudi na Polo Vivo mwaka 2016. Lakini kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa malori na Land Rover, gari la polisi, la mashamba ya kahawa na la maofisa wa wilaya. Taa kubwa ya Land Rover ni duara lenye kipenyo cha inchi 7, na duara hilohilo limo kwenye MGB, Mini, Jaguar E-Type na hiyo 240Z. Gari la kifahari likashiriki spea na gari la shamba, na kwa maoni yangu jambo hilo limeyaokoa magari ya zamani ya hapa kwetu kuliko ustadi wa fundi yeyote.

Kipimo hicho kilitoka Marekani. Kuanzia magari ya mwaka 1940, Wamarekani walikubaliana kutumia taa mbili za inchi 7 zilizozibwa kabisa: kioo, uzi wa kuwakia na bakuli la kuakisi mwanga vikawa kitu kimoja. Vumbi halikuingia, na uzi ulipokatika taa nzima ilitupwa. Watengenezaji wa Ulaya walifuata njia nyingine, ya balbu inayobadilishwa. Mwaka 1962 wakaleta balbu ya halojeni yenye uzi mmoja, na mwaka 1971 ikaja H4 yenye nyuzi mbili, wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu. H4 ndani ya duara la inchi 7 bado ndiyo badiliko la kwanza ambalo mwenye gari la zamani hulifikiria.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake ya kuupenda mwanga. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Coronation Safari, ambayo baadaye yalijulikana kama Safari Rally, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika usiku na mchana. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 gari la aina hiyohiyo likampa ushindi Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Picha za miaka hiyo zinaonyesha taa za ziada zilizopangwa mbele ya grili, na nyingine ndogo zimefungwa juu ya mabawa ya mbele, mahali ambapo tope halifiki haraka.

Watu waliokuwa wakishangilia kando ya barabara waliziona taa hizo na wakaziiga. Nyaya zilizozilisha umeme hawakuziona, kwa hiyo hawakuziiga, na kosa hilo lingali nasi.

Katika 240Z ya kiwandani umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi iliyo karibu na usukani. Balbu mbili za H4 zikiwa fulu zinavuta takriban ampea 10. Swichi yenye umri wa miaka 50 hupata moto, plastiki huyeyuka, na umeme mwingi hupotelea njiani kabla ya kufika kwenye balbu. Umeme ukipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga wa balbu ya uzi hupungua kwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo mtu ananunua balbu kali zaidi, swichi inaungua zaidi, naye analaumu gari. Dawa yake ni rilei mbili, moja ya fulu na moja ya dimu, zenye waya mnene unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi, na ethi iliyokwanguliwa kutu. Swichi ya zamani inabaki na kazi ndogo ya kuziamrisha rilei. Fundi mzuri wa umeme wa magari huifanya kazi hii bila kutoboa bodi wala kukata waya wa asili, na gari linabaki na sura yake.

Jambo la pili ni kioo. Kenya tunaendesha kushoto, hivyo mwanga wa dimu hupandishwa upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara, na kushushwa kulia ili usimpige machoni anayekuja. Japani na Uingereza ziko kama sisi. Taabu ni kwamba MGB na 240Z ziliuzwa kwa wingi mno Marekani, na jozi nyingi za taa zinazotangazwa kwa ajili yake zimetengenezewa barabara za huko. Ukizifunga, zinamulika uso wa dereva mwenzako.

Kisha kuna LED. Balbu ya LED iliyochomekwa ndani ya bakuli la halojeni naipinga waziwazi. Bakuli hilo lilichongwa kwa uzi uliokaa mahali pamoja maalumu, na chini ya uzi wa dimu kuna kikinga kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu. LED haikai palepale, na mwanga hutawanyika ovyo. Taa nzima ya LED ya inchi 7, yenye vioo vyake na iliyotengenezewa nchi za kushoto, ni habari nyingine: inatumia umeme kidogo na kuipunguzia mzigo dinamo ya zamani. Ila mwenye MGB ya kabla ya 1967 akumbuke kwamba bodi ya gari lake imeunganishwa na chanya ya betri, hivyo LED ya kawaida haitawaka hadi mfumo ugeuzwe.

Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, imelipa gari la spoti nafasi ya kukimbia ambayo barabara ya awali haikuwa nayo. Imemletea dereva pia mtu anayevuka usiku kwa miguu na bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Mwenye gari la zamani, anza na nyaya, kisha kioo, balbu iwe mwisho. Na kabla ya kuingia barabarani kutoka Ruiru au Thika, simamisha gari mbele ya ukuta, washa dimu, uhakikishe upande wa kulia uko chini.