Uwekevu wa Petroli katika Uwanda wa Kati

Msafiri aliyevuka Ugogo zamani alihesabu mambo mawili: masafa na maji. Misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, ilijaza vibuyu kabla ya kuingia Marenga Mkali, nyika isiyo na maji iliyo magharibi ya Mpwapwa. Ng'ambo yake iliwapasa walipe hongo kwa watemi wa Wagogo, ambao visima vilikuwa mikononi mwao. Burton alipita huko mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliinung'unikia hongo hiyo. Leo maji ya msafiri ni petroli, nayo husafiri kutoka pwani kiasi cha kilomita 450 kabla ya kufika Dodoma. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba uwekevu wa petroli una historia yake, na kwamba desturi iliyokuwa busara katika zama moja yaweza kuwa hasara katika zama nyingine.

Motokaa zilizotangulia kufika katika uwanda huu zilikuwa na kabureta. Kabureta ni chombo chepesi kukielewa: hewa hupita, nayo huvuta petroli. Lakini chombo hicho hakijui kimo cha nchi. Dodoma imeinuka kiasi cha mita 1,120 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kuliko ya pwani kwa takribani sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo injini iliyorekebishwa Dar es Salaam ilipopanda huku ilikunywa petroli zaidi ya ile iliyolingana na hewa yake. Dereva hodari alimtaka fundi airekebishe upya, na asiyejua alilipa.

Malipo hayo yalikuwa machungu baada ya mwaka 1973. Mwaka huohuo ambao TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mbali na bandari, bei ya mafuta duniani iliruka. Pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi lilifikia karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974, na baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 lilipita dola 30. Tanzania, iliyokuwa imetoka katika Vita vya Kagera, ilitoa pamba na katani nyingi zaidi kwa mafuta yaleyale. Serikali ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili alasiri. Katika dhiki hiyo madereva walizoea kushuka miteremko, kama ile ya Bereko kaskazini ya Kondoa, gari likiwa halimo katika gia, ili injini isivute petroli nyingi. Ilikuwa hatari kwa breki, lakini kwa kabureta hesabu yake ilieleweka.

Mtambo wa kupuliza petroli kwa shinikizo haukuja Afrika Mashariki kwa ajili ya uwekevu. Mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, aliyeishi Tanzania, pamoja na Chris Rothwell walishinda mashindano ya Safari kwa Peugeot 404 yenye mtambo huo, nao walitafuta mbio na nguvu. Mwaka 1967 Bosch ilitoa mtambo unaoongozwa kwa umeme, na mwaka 1976 Volvo ilianza kuuza magari yenye kipimio cha oksijeni katika moshi. Tangu hapo injini iliweza kupima hewa, joto na moshi wake, ikajikadiria petroli. Biashara ilipofunguliwa baada ya katikati ya miaka ya 1980, magari ya namna hiyo yalimiminika nchini, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Japani.

Hapo ndipo desturi za zamani zilipogeuka. Anayeshuka mlima akiwa ndani ya gia, mguu umetoka kwenye mafuta, injini yake hukata petroli kabisa. Anayeitoa gia huilazimisha iendelee kunywa. Anayeondoa thamostati kwa kuogopa joto la nchi huifanya injini ibaki baridi, na kipimio cha joto hupeleka habari kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa. Basi petroli huongezwa safari nzima. Kipimio cha oksijeni kilichochakaa, ambacho mafundi hukiita sensa, nacho hutoa ushahidi wa uongo, na mtambo huuamini. Gari kuukuu la aina hii haliponi kwa kubanwa petroli. Hupona likirudishiwa ukweli: vipimio vizima, chujio la hewa safi, plagi njema, matairi yenye upepo wa kutosha, na mzigo usio wa lazima ushushwe.

Tangu mwaka 2024 treni ya umeme hubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, lakini mgonjwa wa kijijini Kondoa na mkulima wa Mpwapwa bado hungojea gari kuukuu la jirani. Petroli inayopotea humo huingia katika nauli, na nauli hutoka katika mfuko wa aliye maskini. Watu wa misafara walikijua kibuyu chao, wakajua na kisima kilipo. Nasi hatuna budi kukijua chombo tulicho nacho, kwa maana uwekevu usio na maarifa ni hongo tunayojitoza wenyewe.