Pike o' Stickle
Pike o' Stickle ni kilele chenye kimo cha mita 709 juu ya bonde la Langdale, mkoani Cumbria, Uingereza. Takriban miaka 6,000 iliyopita, wakulima wa Zama Mpya za Mawe walichonga hapa mashoka kwa jiwe la kijani lililotokana na majivu ya volkano. Msafiri anayepanda na shanta mgongoni huyakuta mabaki ya kazi yao kwenye korongo lenye mteremko mkali: vigae vya mawe, vyembamba, vyenye makali. Visiokotwe, kila kimoja ni ushahidi. Cha kustaajabisha, jiwe kama hilo lilipatikana pia mahali rahisi kufika, lakini wachongaji walipanda magenge ya hatari. Mashoka yalinolewa kwingineko, na mengine yamefukuliwa hadi Ayalandi.