Walimwomba Mvua Mlimani Sagalla

Aliye na Biblia karibu naye aifungue katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, kuanzia mstari wa 8, aiache wazi mezani. Tutarudi hapo. Kwanza nataka tupande mlima.

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, iwe kwa basi au kwa garimoshi, kabla hujafika Voi utaona upande wako wa kushoto mlima uliosimama peke yake juu ya nyika. Huo ndio Sagalla. Nchi ya Taita ina milima mitatu inayotajwa pamoja, yaani Dabida, Kasigau na Sagalla, na kila mmoja una watu wake na usemi wake. Wasagalla wanasema Kisagalla, ambacho kwa maneno mengi kinakaribia Kigiriama kuliko kinavyokaribia Kidabida cha jirani zao. Tafadhali shikeni jambo hili la lugha, maana litatufaa.

Mmishonari wa kwanza kufika nchi ile alikuwa Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha CMS, ambaye alikuwa akikaa Rabai pamoja na Dakta Krapf. Mwaka 1847 alifika Kasigau, na mwaka 1848 akapita Taita akienda Uchaga, ndiyo safari aliyouona mlima Kilimanjaro na theluji yake. Lakini Rebmann alikuwa mpita njia. Watu walimwona, wakamshangaa, akaenda zake. Mtu akipita hivyo hatumwulizi maswali magumu. Maswali magumu tunamwekea yule anayejenga nyumba.

Aliyejenga nyumba alikuja mwaka 1883. Jina lake Joseph Alfred Wray, Mwingereza, naye pia wa CMS. Wakati huo hapakuwa na reli, kwa maana reli ilifika Voi miaka mingi baadaye, karibu na mwisho wa karne. Mtu alitoka pwani kwa miguu, na wapagazi, akakata nyika ya Taru isiyo na maji, siku baada ya siku, ndipo akaanza kupanda Sagalla. Wray alipanda, akaomba mahali, akaanza kazi.

Sasa, ndugu zangu, tusidhani kwamba aliwakuta watu wasiomjua Mungu kabisa. Wataita walimtaja Mlungu tangu kale. Walikuwa na sala zao, nao waliziita kutasa. Mzee alichukua pombe au maji ya miwa kinywani, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kutoa hasira moyoni na kuomba amani, afya na mvua. Naomba mlisikie neno hilo la mwisho. Mkulima wa mlimani hakutenganisha habari za Mungu na habari za mvua. Kama uko sawa na Mungu na wazee wako, mvua itanyesha. Mvua ikikataa, yuko mtu aliyeharibu jambo, naye lazima atafutwe.

Na mvua ilikataa. Mwaka 1884 ilikuja njaa kubwa ambayo wazee wa Taita waliiita Mwakisenge, na wengine huko pwani waliijua kwa jina hilo hilo. Mashamba yalikauka. Watu walikufa. Wengine walishuka pwani kutafuta chakula, na wako waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka ili wasife wote pamoja. Basi watu wakaangalia mlimani kwao, wakamwona mgeni. Kabla hajaja, mvua ilikuwa ikinyesha. Tangu aje, imekatika. Huyu naye kila siku anasema yeye ni mtumishi wa Mungu. Kama ni kweli, na alete mvua. Kama anaizuia, na aondoke.

Mara nyingi nimesikia wahubiri wakilisimulia jambo hili kwa kicheko, kana kwamba Wasagalla walikuwa watu wa kuchekesha. Mimi sicheki. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa swali la haki kabisa, tena la kidini kuliko maswali mengi tunayoulizwa siku hizi. Walimwambia: wewe unasema una habari njema kutoka kwa Mwenye mvua, sisi tunakufa kwa kiu, habari hiyo njema ni ipi? Mtu akiuliza hivyo amesikia mahubiri yako vizuri sana.

Wray hakuwa na mvua mfukoni. Wala hakuwa malaika. Juu ya desturi za wenyeji aliona na kuandika kama Waingereza wengi wa siku zake, na mengi aliyoyaita giza sisi leo tungeyatazama mara mbili kabla ya kuyahukumu. Lakini alikuwa pale. Hilo siwezi kumnyima. Njaa ilipozidi hakuwa Rabai akisoma barua za njaa, alikuwa Sagalla.

Mwanzoni mwa mwaka 1885 alifika Askofu James Hannington, askofu wa kwanza wa sehemu hizi, yule aliyeuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Alipopita Taita aliona hali ilivyo. Ikaonekana kituo hakiwezi kuendelea, nacho kikaachwa kwa muda. Wray akashuka pwani pamoja na baadhi ya wenyeji waliokuwa naye, wakaenda kukaa Rabai, mahali penye chakula. Hesabu ya misheni ingesema kazi imeshindwa: miaka miwili, na kanisa hakuna. Lakini tazameni hao walioshuka. Walitembea nyika ile ile ya Taru, safari hii mwenye habari njema na mwenye njaa wakiwa katika njia moja.

Niwaambie sababu ya mimi kulishika jambo hili. Mwaka 1984, miaka mia baada ya Mwakisenge, ukame ulipiga Kenya tena. Wengi wenu mnaukumbuka kwa mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeanza kuhubiri. Nilikwenda kumtembelea mama mmoja mjane. Nilimsomea Neno, nikamwombea kwa sauti kubwa, sala ndefu sana, nikaaga. Njiani mtoto wa jirani akaniambia mama yule hajawasha moto jikoni tangu juzi. Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga yake saa nzima, wala sikuona kwamba ni baridi.

Haya, turudi kwenye Biblia zetu pale mezani. Paulo na Barnaba wanafika Listra. Mtu kiwete anaponywa, na watu wa mji wanataka kuwatolea dhabihu kana kwamba wao ni miungu. Mitume wanararua mavazi yao, wanakataa. Na Paulo anapotafuta neno la kuwaeleza watu wale wasiojua torati wala manabii, anaanzia wapi? Haanzii na Musa. Someni mstari wa 17. Anaanzia kwenye mvua na majira ya mavuno na chakula kinachofurahisha moyo, akisema kwamba Mungu hakujiacha bila shahidi hata kwao. Yaani anaanzia pale pale walipoanzia wazee wa Sagalla. Halafu someni mstari wa 19. Watu wale wale waliotaka kumwabudu wanampiga kwa mawe na kumburuta nje ya mji. Ukiitwa mtu wa Mungu, watu watakutwika mvua. Ikinyesha watakuinua kupita kiasi, na ikikosa utalaumiwa. Katika mstari wa 20 Paulo anaamka, anaingia tena katika mji ule ule.

Njaa ilipopita, Wray naye alipanda Sagalla tena. Safari hii matunda hayakuja upesi pia. Kwa miaka mingi waliobatizwa walikuwa wa kuhesabika. Lakini kuna kazi moja iliyokuwa ikiendelea kimya. Mwaka 1894 kilichapishwa London kitabu chake kidogo cha kufundisha lugha ya Kitaita, kwa usemi wa Sagalla. Fikirini kitabu kama hicho kinaandikwaje. Hakiandikwi na mtu aliyejifungia chumbani. Ni lazima aketi na mzee, na mama, na mtoto, aulize hiki chaitwaje, akosee, achekwe, asahihishwe, aulize tena. Yule aliyekuja kufundisha alikaa miaka akifundishwa, na walimu wake walikuwa wale wale waliomlaumu kwa ukame. Majina yao hayamo juu ya jalada. Mimi nawahesabu kuwa washiriki wa kwanza wa kazi ya Injili Taita, ingawa huenda baadhi yao hawakubatizwa kamwe, kwa maana bila maneno yao hapangekuwa na mahubiri ya kueleweka mlimani pale.

Baadaye mambo yalienea. Mwaka 1900 kazi ya CMS ilianza Mbale, katika Dabida, na kutoka huko shule na makanisa yakashika vilima vingine, yakichukuliwa hasa na vijana wa Kitaita wenyewe waliosema na jamaa zao kwa lugha ya nyumbani. Mwaka 1993 Taita Taveta ikawa dayosisi kamili ya Kianglikana. Sagalla kanisa lipo hata leo, na chini ya mlima mkulima bado anaangalia mawingu, na akiisha kuangalia mawingu anaangalia ndovu wa Tsavo, ambao hawajali mahindi ni ya Mkristo au si ya Mkristo. Siku hizi wako wanaozungushia mashamba mizinga ya nyuki ili kuwafukuza. Mhubiri akipita huko anaulizwa habari za mvua kama Wray alivyoulizwa.

Nami nilirudi kwa yule mama. Ilinichukua siku mbili, kwa sababu ya haya. Nilibeba gorogoro mbili za mahindi ya njano, nikaziweka mlangoni, wala sikufungua Biblia. Alinikaribisha ndani, akaniketisha mahali pale pale karibu na mafiga, akaniuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe umekula?"