Kabla ya Ukuta, Uliza Wanakula Nini

Watunzi wa michezo ya njozi, ile ya kuigiza wahusika iliyopata umaarufu tangu Dungeons & Dragons ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1974, wana kijiji kimoja wasichochoka kukirudia. Kina nyumba kumi na tano, mhunzi na nyumba ya wageni, na pande zote kimezungukwa na msitu wenye mazimwi. Hakuna anayeeleza wanawake wanateka maji wapi, wala mtama unapita njia gani kufika ghalani. Msomaji akilalamika, mtunzi hukizungushia ukuta, akadhani amemaliza kazi. Nadai kwamba ameanzia mwisho. Afrika Mashariki, hasa katika karne ya 19, ilikuwa na watu walioishi na hatari ya kweli mlangoni, na kujipanga kwao kunaonyesha kuwa makazi ya namna hiyo hujengwa kwanza kwa chakula, maji na mapatano na jirani. Ukuta hufuata, na kwingine hauji kabisa.

Tuchukue Unyamwezi. Wangoni waliotoka kusini walifika Ufipa katika miaka ya 1840, na baada ya kifo cha kiongozi wao Zwangendaba kundi moja, Watuta, likapanda kaskazini na kuwa tishio huko Unyamwezi. Juu ya hilo zikaja bunduki, biashara ya pembe na watumwa, na rugaruga, vijana wa vita ambao Mirambo wa Urambo aliwatumia kujenga dola yake hadi alipofariki mwaka 1884. Vijiji vikawa maboma: magogo yaliyosimikwa ardhini, na mara nyingi wigo wa minyaa, mti ambao utomvu wake ukiingia jichoni mtu hasahau. Lakini uzio huo haukufunika mashamba. Mtama uliota nje, na mtu alitoka asubuhi na jembe akarudi kabla ya giza. Kwa hiyo kipimo cha kweli cha makazi haya ni umbali ambao mkulima angeweza kuukimbia akisikia ngoma ya hatari. Wagogo na Wahehe walikwenda mbele zaidi kwa tembe, nyumba ndefu yenye paa bapa la udongo iliyozunguka ua, ng'ombe wakilala katikati. Hapo nyumba yenyewe ndiyo ukuta. Na paa la udongo halishiki moto kama la nyasi, jambo lenye uzito mkubwa pale ambapo silaha ya kwanza ya mvamizi ni kijinga cha moto.

Wengine waliikimbia hatari bila kujenga uzio mkubwa. Wamijikenda, nyuma ya pwani ya Kenya, waliweka kaya zao, yaani vijiji vyao, katika uwazi katikati ya msitu mnene juu ya vilima. Mgeni alipita njia nyembamba yenye malango, na fingo, hirizi iliyofukiwa ardhini, lililinda mahali pale kwa namna ambayo wenyeji waliiamini kuliko gogo lolote. Msitu huo haukukatwa, kwa kuwa kuukata kulikuwa sawa na kubomoa ukuta na kuvunja mwiko kwa mkupuo mmoja. Kilimanjaro nako, Wachagga walichimba mapango ya kujifichia chini ya ardhi, wakafunga ng'ombe ndani ya nyumba na kuwaletea majani, na wakavuta maji kwa mifongo, yaani mifereji, hadi kwenye migomba ya kihamba, shamba la nyumbani. Mvamizi aliyepanda mlima hakukuta kundi la ng'ombe likichungwa uwandani likimsubiri. Tena mvamizi huyo hakuwa Mmaasai peke yake. Mara nyingi alikuwa mangi, yaani mtawala, wa jirani, aliyezijua njia zote.

Hapa ndipo mtunzi wa njozi anapopotea zaidi, kwani hudhani mahali pa hatari ni mahali palipofungwa. Kaya ziliuza nafaka na pembe Mombasa, na kila kundi la Wamijikenda lilikuwa na washirika wake miongoni mwa taifa, yaani makundi ya Waswahili, za mji ule. Wagogo walikaa kwenye njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Tabora, mahali ambapo wapagazi walifika wakiwa wametoka kuvuka nyika kame ya Marenga Mkali, koo zimekauka. Mtemi aliyemiliki kisima alidai hongo: nguo, shanga, waya. Siku hizi neno hilo lina aibu. Wakati ule lilikuwa ushuru wa kupita na kunywa, na msafara uliolipa ulikuwa na kila sababu ya kutaka kisima kile kiendelee kuwepo. Kijiji chenye kitu ambacho hata adui anakihitaji kina ulinzi usioonekana kwenye ramani.

Inaweza kusemwa kwamba picha hii ya hatari imetiwa chumvi. Msomi Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alipinga wazo la karne ya 19 iliyojaa vita tupu, na ni kweli kwamba wasafiri wa Ulaya walikuwa na faida katika kutuchora tukichinjana. Naikubali hoja hiyo, nayo inaniunga mkono. Hatari ilikuwa na kalenda: kiangazi, mavuno yakiwa ghalani na mito ikivukika, ndipo watu walipovamiana, masika watu walilima. Kitisho cha kila siku kisingeacha mtu wa kupanda. Mwingine atasema zimwi halifuati kalenda, na kwenye njozi uchawi hulisha watu. Basi atuambie uchawi huo unamilikiwa na nani na unalipwa nini, kwa sababu huyo ndiye mtemi wa kisima.

Ukuta nao una gharama. Watu walipojikusanya mabomani, mashamba ya mbali yalirudi kuwa pori, na pori lilileta nguruwe na mbung'o. Kuni za karibu zikaisha na udongo ukachoka. Wala hakuna ukuta unaofaa kwa kila adui. Boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, liliwashinda Wajerumani mwaka 1892. Walirudi Januari 1893 wakiongozwa na Tom von Prince, na boma lilipoingiliwa Isike akajilipua kwa baruti yake mwenyewe. Washindi walijenga ngome zao, nazo zikaitwa boma vilevile. Hadi leo, mtu anayekwenda ofisi ya wilaya kugongewa muhuri husema anakwenda bomani.