Kalenda ya kazini na daftari la mradi

Mjomba kaniuliza kama ni kweli nalipwa kwa kuangalia kalenda. Kwa kiasi fulani ndiyo, mjomba. Kazi zote za mradi ziko kwenye hifadhidata moja: nani anafanya nini, kuanzia lini mpaka lini. Fundi haifungui hiyo, anaangalia kalenda ya simu yake. Tarehe ikisogezwa huku na kule isijulikane, fundi anapoteza nauli na siku ya malipo.

Sasa hizi mbili zilianzaje kuzungumza? Mwaka 1996 kilitoka kile kidude cha mfukoni cha Palm, kiitwacho Pilot. Unakiweka kwenye kitako chake kilichounganishwa na kompyuta, unabonyeza kitufe kimoja, miadi ya pande mbili inalinganishwa. Raha tupu, ila kilikuwa cha mtu mmoja na kompyuta yake.

Mwaka huohuo Apple, AT&T, IBM na Siemens, chini ya muungano wao wa Versit, wakatoa vCalendar. Novemba 1998 ikafuata iCalendar, iliyoandikwa na Frank Dawson wa Lotus na Derik Stenerson wa Microsoft. Hizo kampuni zilikuwa zinagombania wateja walewale, jamani, na bado wakakaa meza moja!

Humo ndimo lilimo jambo ninalolipenda. Kila tukio lilipewa kitambulisho chake, kisichofanana na kingine. Kijijini kukiwa na akina Juma watano, ukiambiwa "Juma kahama" utauliza Juma yupi. Kalenda nayo ni hivyohivyo. Bila kitambulisho, kikao kikihamishwa toka Jumatatu kwenda Jumatano, inaandika vikao viwili. Ikiwa nacho, inajua ni kilekile kimehama.

Halafu kuna saa. Machi 2007 Marekani walianza kusogeza saa mbele wiki tatu mapema kuliko walivyozoea, na kwenye kompyuta ambazo hazijarekebishwa miadi ikapishana kwa saa nzima. Nyumbani hatuna mchezo huo, saa yetu haisogezwi.

Mwezi huohuo ukatoka utaratibu wa CalDAV, unaoruhusu programu kusoma kalenda iliyo kwenye seva na kuiandikia pia. Hata hivyo hifadhidata nyingi za mipango hutoa kiungo cha kusomwa tu. Notion waliinunua kalenda ya Cron mwaka 2022, na Januari 2024 wakaitoa kama Notion Calendar, tarehe za mradi zikionekana kando ya miadi ya Google.

Mimi napendelea kusoma tu. Wawili wakiandika kwa pamoja, nani aaminiwe? Ofisini kwetu hifadhidata ndiyo yenye neno la mwisho, na anayetaka tarehe ibadilike anaibadilisha humo.