Bei ya Sura ya Mtu

Katika lugha yetu lipo neno moja ambalo nadhani limewafilisi mafundi wengi kuliko wezi. Neno hilo ni "tutaelewana." Mteja humwambia fundi, "Wewe fanya kazi, sisi ni watu wa nyumbani, tutaelewana," na fundi huona haya kutaja bei. Kazi ikiisha, huko kuelewana hakuonekani. Mimi mwenyewe nililitumia neno hilo nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na nilikuja kulijutia baada ya kusoma habari za mchoraji mmoja wa Uingereza aliyefariki mwaka 1792.

Mwaka 1988 mkuu aliyenitangulia alikuwa anaagwa. Kamati ikaamua tumpe kiti cha mvule na redio, na tuwe na picha yake iliyochorwa kwa mkono, itundikwe ukumbini. Seremala alilipwa. Mwenye duka la redio alilipwa. Hata aliyepika pilau alilipwa. Mchoraji alikuwa mkufunzi wetu wa sanaa, kijana mpole. Nilimwita ofisini nikamwambia, "Mwalimu, jambo hili ni letu sote. Tuchoree mzee, tutaelewana."

Alifanya kazi ile Jumamosi sita. Alinunua amerikani akaiwamba mwenyewe kwenye fremu. Rangi za mafuta hazikuwapo mjini kwetu, akaziagiza kwa mtu aliyekuwa akisafiri kwenda Dar es Salaam. Siku ya sherehe picha ilipofunuliwa, wanachuo walipiga makofi hadi mgeni rasmi akasimama. Nami nikamshukuru mchoraji mbele ya kipaza sauti.

Wiki mbili baadaye alibisha hodi ofisini. "Shikamoo, Mkuu. Zile rangi zimekula karibu mshahara wangu wa mwezi." Nilimjibu kwa tabasamu kwamba huo ulikuwa mchango wake kwa chuo, na kwamba jina lake litakumbukwa. Akasema, "Haya, Mkuu," akaondoka. Aliendelea kufundisha vizuri, lakini hakutuchorea picha nyingine tena.

Nilipostaafu nilipata wasaa wa kusoma vitabu ambavyo kwa miaka mingi nilikuwa nikivipangusa vumbi tu. Katika kimojawapo nikakutana na Joshua Reynolds. Alizaliwa mwaka 1723 huko Plympton, katika jimbo la Devon, na baba yake alikuwa mkuu wa shule. Jambo hilo lilinivuta, maana najua mfuko wa mkuu wa shule ulivyo. Mzee yule alisita kama amfanye mwanawe muuza dawa au mchoraji. Kijana akasema kwamba kuliko kuwa mchoraji wa kawaida tu, afadhali awe muuza dawa. Basi mwaka 1740 akapelekwa London kujifunza kazi kwa mchoraji Thomas Hudson, kwa ada ya pauni 120. Mtu ambaye ufundi wake umegharimiwa hivyo hawezi kuona haya kutaja bei.

Na kweli hakuona haya. Mwaka 1777 bwana mmoja aitwaye Daniel Daulby alimwandikia kuulizia bei za picha. Wakati huo Reynolds alikuwa amekwisha kupewa cheo cha Sir, na tangu mwaka 1768 alikuwa rais wa kwanza wa Chuo cha Kifalme cha Sanaa. Angeweza kujibu kwa majivuno, au kwa mafumbo. Alijibu waziwazi. Picha ya kichwa ni gini 35. Picha inayofika magotini ni gini 70. Picha ya mwili mzima ni gini 150. Kwa kawaida mtu atahitajika kuja kukaa mara tatu, kila mara kama saa moja na nusu. Lakini akipenda, uso unaweza kuanzwa na kumalizwa siku moja. Uso ukiisha, sehemu iliyobaki itakamilishwa bila kumsumbua.

Wazee wenzangu watakumbuka hesabu za shule za zamani, kwamba shilingi 20 ni pauni moja. Gini ilikuwa shilingi 21. Kwa hiyo picha ya kichwa ilikuwa pauni 36 na shilingi 15, na ya mwili mzima pauni 157 na shilingi 10. Hizo hazikuwa fedha za mtu maskini, wala sitaki kumfanya Reynolds mtetezi wa wanyonge. Ninalolisifu ni utaratibu. Mteja alijua anachonunua, ukubwa wake, gharama yake na muda atakaoutoa. Aliyeshindwa mwili mzima aliweza kuchukua kichwa bila kuaibika, kwa sababu hapakuwa na haja ya kuomba kupunguziwa. Tena ilikuwa desturi ya Reynolds kupokea nusu ya malipo mtu anapokuja kukaa mara ya kwanza. Nusu hiyo ilimkinga mchoraji asije akabaki na picha ya mtu aliyeghairi.

Hata hivyo, bei iliyo wazi haimalizi kila neno. Ile "sehemu iliyobaki" mara nyingi ilifanywa na mikono mingine. Alikuwapo Peter Toms, bingwa wa kuchora nguo, ambaye alimfanyia kazi Reynolds na wachoraji wengine. Hariri na mikunjo ambayo watazamaji waliisifu mara nyingine ilikuwa yake, lakini mteja alikuwa amenunua jina la Reynolds. Hali kadhalika, Reynolds alipenda kujaribu rangi, na baadhi ya rangi zake nyekundu zilipauka upesi. Nyuso zilizotoka kwake na damu mashavuni zikageuka nyeupe wenyewe wakiwa bado hai. Mteja alikuwa amelipa gini zote, na orodha ya bei haikusema lolote juu ya hilo.

Niliposoma habari za Toms nilifunga kitabu. Nilimkumbuka mkufunzi wangu na makofi ya ukumbini. Toms angalau alikuwa akiajiriwa kwa kazi yake. Wangu nilimlipa kwa kipaza sauti.

Mwaka uliofuata tulikutana arusini. Naye alikuwa amestaafu, mvi zimemjaa. Nilimvuta pembeni nikamwambia kwamba nina deni lake la tangu 1988, na kwamba nimekuja na bahasha. Alicheka, akaishika bahasha kwa mikono miwili bila kuifungua. Kisha akasema, "Mkuu, mimi sikutaka fedha nyingi. Nilitaka mniulize ni kiasi gani."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi nawaona vijana mijini wakichora sura za watu kwa penseli na kwa rangi, wakitazama picha kwenye simu. Wakija kwangu kuomba ushauri, nawaambia waandike karatasi moja kabla ya kushika penseli: ukubwa wa picha, watu wangapi watakaochorwa, siku ya kuikabidhi, nani analeta fremu, na nusu ya malipo ilipwe kwanza. Wengine husema kwamba watu wa kwetu wataona ni ukali. Nawajibu kwamba ukali uko katika kumwacha mtu akisie thamani ya jasho lako, halafu umchukie moyoni akikosea.

Picha ya mzee yule bado ipo ukumbini. Rangi zake hazijapauka. Kila nikipita chuoni huitazama, na ninayemwona kwanza si yule aliyechorwa.