Zamu Isiyoisha: Wapasuaji wa Handeni na Korogwe

Upasuaji wa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, umebebwa na watu wachache tangu mwanzo. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaongezeka, na pamoja nayo manamba na majeraha ya kazi. Upande wa Handeni, hospitali ya Kanisa Anglikana ya Kwamkono ilijulikana kwa kuwahudumia watoto waliolemazwa na polio. Mgonjwa aliyeshindikana alipelekwa hospitali ya Bombo, Tanga, na baada ya 1971 hata ile ya KCMC, Moshi.

Madaktari bingwa hawakutosha kufika wilayani, hivyo tangu miaka ya 1960 Tanzania ikafundisha madaktari wasaidizi: matabibu wazoefu walioongezewa masomo, yakiwemo ya upasuaji. Hao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi wilayani, na utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa mwaka 2009 haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo yao na ya madaktari kamili. Sifa hiyo wanaistahili, ila gharama yake haijaandikwa vya kutosha. Anayemzalisha mama kwa upasuaji saa nane usiku ndiye anayesubiriwa wodini asubuhi. Ngiri na mabusha, maradhi ya kawaida mkoani Tanga, hupangiwa siku. Majeruhi wa barabara ya Chalinze hadi Segera, inayopita Handeni, hawapangiwi.

UKIMWI uliongeza hofu juu ya uchovu wa zamu hizo. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa mwaka 2004. Kwa miaka ishirini, basi, mpasuaji aliyejichoma sindano alirudi nyumbani na wasiwasi asioweza kuuondoa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Mwanzoni mwa Mei takwimu zikaacha kutolewa, na chanjo ikazinduliwa Julai 28, 2021. Duniani, watafiti walikadiria kuwa upasuaji milioni 28.4 ungefutwa au kuahirishwa katika wiki 12 za kilele cha wimbi la kwanza. Nafuu ya kuahirisha ni ndogo pale ambapo kazi kubwa ni uzazi pingamizi na ajali: mama mwenye uzazi pingamizi hawezi kungoja, na anayempa dawa ya usingizi husimama karibu kabisa na pumzi yake. Mmoja wa timu akiugua, zamu yake humwangukia aliyebaki.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa namna hii kuwa hutokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, ufanisi kushuka. Maelezo hayo yanauweka mzigo mahali pake, yaani kwenye mpangilio wa kazi. Kumshauri mpasuaji apumzike hakumsaidii ikiwa likizo yake inafunga chumba cha upasuaji. Anachohitaji ni mwenzake wa pili anayeweza kushika kisu usiku huohuo.